Kabla ya pete, mjomba kasemaje?

Desemba ikikaribia tu, zile orodha zinarudi: filamu kumi za mapenzi za kuangalia na familia sikukuu hii. Na kila mwaka sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tunagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema hayo ni mambo ya Wazungu, theluji na miti ya plastiki, hayatuhusu. Kundi la pili linaziangalia kimyakimya, na likiulizwa linasema lilikuwa linasoma Kezilahabi. Jamani, makundi yote mawili yamekosea.

Chukueni The Family Stone ya mwaka 2005, ya mwongozaji Thomas Bezucha. Kijana anamleta mchumba wake nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Anataka pete ya bibi yake, ambayo mama alishamwahidi. Mama, aliyechezwa na Diane Keaton, anamtazama yule binti na kuamua hafai. Pete haitoki. Watu wanatupiana maneno mezani, chakula kinamwagika jikoni, ndugu wanaibiana wachumba, na chini ya vicheko vyote kuna jambo moja: mama anaumwa saratani, na huenda Krismasi ijayo asiwepo.

Theluji iko wapi hapo? Ipo nje, dirishani. Filamu yenyewe inauliza nani mwenye kauli ndani ya nyumba, na kauli hiyo itabaki kwa nani akishaondoka. Swali hilo halihitaji visa kuingia Newala.

Sasa lilete Chilangala. Kwa desturi ya Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno kubwa ni mjomba. Ile pete ya mama isingemaliza hata dakika tano kwenye hadithi. Kijana angeulizwa swali moja tu: mjomba wako kasemaje? Na mjomba hawezi kusema kitu, kwa sababu anasubiri hela ya korosho.

Hapo ndo pana filamu, ndugu zangu. Msimu wa korosho unaanza kama Oktoba na kuelekea mwisho wa mwaka. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghalani, unakwenda mnadani, halafu anakaa kusubiri malipo. Posa, harusi, bati na ada za shule vyote vinasubiri naye. Mnakumbuka msimu wa 2018? Bei za wanunuzi zilikataliwa, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba mzigo, ukafuata uhakiki, na wengi wakapita sikukuu bila kuona senti. Weka wachumba wawili katikati ya Desemba hiyo. Mgeni kutoka Dar anaoga ndoo nzima ya maji juu ya uwanda ambao maji yana historia ndefu ya shida, na shangazi anahesabu kila kata anayomwaga. Mjomba naye amekwishauza korosho zake kwa kangomba tangu njaa ya masika, na hajamwambia mtu. Utacheka, lakini utacheka ukijua kwamba nyumba hii inaweza kuvunjika.

Najua nitakachojibiwa: mbona filamu zetu zina familia tele? Zinazo. Lakini hebu tuseme ukweli, familia hizo mara nyingi hukutanishwa na msiba au mirathi. Kijiji ni mahali pa mganga. Shangazi akitokea kijijini, ujue ni mchawi. Na Mmakonde akitokea, basi ni mlinzi wa geti, lafudhi imevutwa hadi inakatika, na lazima kuwe na utani wa panya. Watu wa Dar wanacheka. Hicho ni kicheko cha kutoka nje ya ua, hakimgharimu kitu anayecheka. Kicheko ninachokidai mimi ni cha walioketi kwenye mkeka mmoja, ambapo kila anayecheka ana deni au siri anayoogopa itajwe.

Wenzetu wa Afrika Kusini walishaonyesha kwamba inawezekana. How to Ruin Christmas, tamthilia fupi iliyotoka Netflix mwaka 2020, imechukua Krismasi ya kiangazi, ikatia harusi, mazungumzo ya mahari na wakwe wa makabila mawili wasiopendana sana. Msimu wa pili wakaufanya msiba, na bado ni vichekesho. Hawakuagiza theluji kutoka popote. Walijua mahari ikijadiliwa nani hukaa wapi na nani haruhusiwi kufungua mdomo.

Halafu kuna wale wanaosema vichekesho vya mapenzi ni vyepesi, fasihi nzito ni machozi. Hivi wamewahi kukaa na bibi na mjukuu wake? Bibi anamwita mjukuu wa kike mke mwenza, wanagombania babu, watu wanavunjika mbavu. Ndani ya utani huo bibi anampa binti maneno ambayo mama mzazi hawezi kumwambia, na binti anajibu yale ambayo angeyasema kwa sauti ya kawaida angeitwa hana adabu. Utani unampa mnyonge nafasi ya kusema mbele ya wakubwa.

Na yapo ya kusema. Mikorosho aliyopanda baba kwa mikono yake, irithiwe na watoto wake au na wapwa zake? Binti aliyekwenda kusoma Dar akirudi na mchumba asiyejua mjomba ni nani, ukoo unampokea vipi? Na katika nyumba ambayo upande wa Newala wanafunga Ramadhani na upande wa Masasi ni Waanglikana, tangu wamisionari wa UMCA walipofika mwaka 1876, pilau ya Krismasi nani anachinja kuku? Maswali haya kwenye vikao vya ukoo huishia kwa kununiana. Kwenye vichekesho yanaweza kusemwa hadi mwisho, na watu wakabaki ndugu.

Kwa hiyo waandishi mnaosoma hapa, acheni kudharau filamu hizi, na acheni pia kuziiga miti na zawadi zake. Igeni jambo moja tu: zinaijua nyumba yao. Anayetaka kuanza aandike ukurasa wa kwanza mjomba akiwa nje ya ghala la chama, simu inaita, ni mpwa wake, yuko kwenye basi, ameshavuka daraja la Mkapa na hayuko peke yake.