Kipaji, Kipaji, Kipaji!

Neno hili limenichosha. Mtu akiandika hadithi ikasomeka, ana kipaji. Akiimba, kipaji. Nikimtaja Ireen Wüst mbele ya vijana wenzangu wapenda michezo, jibu ni lile lile: "Ah, yule ana kipaji bwana, kazaliwa nacho." Basi, mazungumzo yamekwisha. Hapo ndipo ubaya wa neno hili ulipo, linatuziba midomo kabla hatujaulizana lolote.

Ndugu msomaji, pengine humjui. Wüst ni mwanamke wa Uholanzi aliyekuwa bingwa wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Wanaingia wawili wawili kwenye njia ya mita 400, viatuni wamefungiwa chuma kirefu chembamba chenye makali, na anayeshindaniwa hasa ni saa. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1986 huko Goirle, mji mdogo wa kusini. Mwaka 2006 kule Torino, akiwa na miaka 19, alichukua dhahabu ya mita 3000. Mwaka 2022 kule Beijing, akiwa na miaka 35, alichukua dhahabu ya mita 1500 kwa dakika 1 na sekunde 53.28, rekodi ya Olimpiki. Na katikati hapo? Vancouver 2010, dhahabu. Sochi 2014, dhahabu. Pyeongchang 2018, dhahabu tena. Olimpiki tano, na katika kila moja dhahabu ya mtu binafsi. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo, awe mwanamume au mwanamke, iwe michezo ya majira ya baridi au ya joto. Medali zote ukizihesabu ni 13, sita kati yake za dhahabu.

Sasa nyie wa kipaji niambieni. Kama kilimbeba Torino, Vancouver kilikwenda wapi? Maana kule alikwenda kutetea zile mita 3000 na akatoka mikono mitupu. Wiki moja baadaye akarudi akashinda mita 1500. Januari 2019 alifariki rafiki yake mkubwa Paulien van Deutekom, bingwa wa dunia wa 2008, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 37 tu. Mwaka uliofuata, kule Hamar nchini Norway, Wüst akatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya saba. Mtu anayeamka kwenda mazoezini baada ya kumzika rafiki, sisi kijiweni tunamwambia eti kazaliwa nacho. Jamani! Hayo ni matusi, ila yamevishwa nguo za sifa.

Tena kuna upande wa pili ambao neno hili linauficha kabisa. Pale Heerenveen kuna kiwanja cha barafu kinaitwa Thialf. Mwaka 1986, mwaka uleule aliozaliwa Wüst, kiliezekwa paa. Alipokua, kiwanja kipo. Timu ipo pia, mpaka 2014 aliichezea timu ya TVM, kampuni ya bima iliyolipa watu wateleze. Na wanasayansi wapo. Ni Waholanzi wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam waliounda kiatu ambacho kile chuma kinaachia kisigino wakati mguu unasukuma. Wanaume walikitazama kwa dharau. Wanawake wa Uholanzi wakakivaa, na mwaka 1997 Tonny de Jong akawa bingwa wa Ulaya akiwa nacho, mbele ya Gunda Niemann, yule Mjerumani aliyeonekana hashindiki. Kufika Nagano 1998 kila mtu anakitaka. (Wanaume nao, bila aibu.)

Ndiyo maana pale Sochi, katika mbio hizi za kuteleza, medali zilikuwa 36 na Waholanzi wakaondoka na 23. Kipaji gani hicho kinachowapenda Waholanzi peke yao? Mungu hagawi namna hiyo.

Najua mtasema Waholanzi ni matajiri. Sawa. Lakini chama chao cha mchezo huu kilianzishwa mwaka 1882, na chini yake kuna vyama vidogo vya vijijini, watu wa kawaida wanaojaza maji kwenye uwanja jioni ya baridi kali, kukicha watoto wateleze. Ndoo na mpira wa maji. Hapo utajiri uko wapi? Sisi tunaojiita waandishi chipukizi, ni mitaa mingapi tunakutana kila wiki kusomeana kazi na kukosoana bila kununiana? Tunangoja kugunduliwa.

Na wanaotugundua wanalijua neno lao. Niliwahi kuingia shindano moja la hadithi. Washindi tulipewa cheti, soda na hotuba ndefu juu ya vipaji vyetu. Kisha hadithi zikachapwa kwenye kijitabu cha wenyewe, kikauzwa, na hatukuona senti. Nilipouliza, nikaambiwa mwenye kipaji hatangulizi pesa. Unaona lile neno lilivyo na kazi? Linamsaidia mwenye mfuko asiufungue.

Tilburg, mji wa jirani na kwao Wüst, kuna kiwanja cha barafu. Kimepewa jina lake. Binti wa Goirle wa leo akitaka kujaribu, kiwanja hicho hapo.

Kwa hiyo wewe mwandaaji wa shindano lijalo, ukinialika, niambie kwanza malipo ni kiasi gani na mswada wangu atauhariri nani. Habari za kipaji changu niachie mwenyewe.