Tafsiri Moja Haitoshi

Mwandishi aliyedai majuzi kwamba kila neno la Kiingereza lipewe neno moja tu la Kiswahili, ili wanafunzi wa Kasulu na Kibondo wasitaabike, amekusudia heri, walakini hoja yake ni batili.

Na tulitazame neno "case", ambalo yeye angependa tulifunge katika "kesi" daima dawamu. Mahakamani ni daawa, naam; lakini kwa tabibu ni mgonjwa, kwa seremala ni kasha, na katika mjadala ni hoja anayoijenga msemaji. Tena katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na katika Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, neno hilohilo ni jalada la aila nzima, lenye majina ya watoto na matumaini yao ya safari. Na mkalimani atakayeshikilia "kesi" mbele ya mama aliyekimbia vita atamtia hofu kwamba ameshtakiwa, ilhali anaitwa kusaidiwa.

Kamusi sanifu ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1939, iliyohaririwa na Frederick Johnson, haikuona taksiri kuweka maana nyingi chini ya neno moja. Basi walimu wa Buha, nchi ya Kasulu na Kibondo, nawasihi: wafundisheni vijana kuuliza kwanza neno limetamkwa wapi, na nani, na kwa kadhia gani, ndipo wafasiri.