Bure si sababu kubwa

Hapa mtaani Kabalagala natengeneza kompyuta za mitumba, na sifa kubwa ya Linux kwangu si kuwa bure. Ni kwamba anayebadilisha kiini chake (kernel) hutakiwa kurekebisha pia viendeshi vya vifaa vilivyomo ndani yake vinavyoguswa na badiliko hilo. Ndiyo maana kadi ya waifai iliyoachwa na kampuni yake bado hufanya kazi. Lakini kiendeshi kisicho na mtunzaji wala watumiaji wanaojulikana huweza kuondolewa. Vijana wanaosomea kompyuta, mkikuta hitilafu, chukueni matokeo ya amri ya dmesg mumwandikie mtunzaji wa kiendeshi husika. Jina lake limo katika faili la MAINTAINERS kwenye msimbo wa kiini. Tukinyamaza, watunzaji watadhani mashine zetu hazipo.