Hadithi ya Wamanyema Isimuliwe Hadharani

Mgeni afikapo Ujiji huongozwa moja kwa moja mpaka penye mnara wa Livingstone. Huonyeshwa jiwe, huonyeshwa miembe ambayo yasemwa ni kizazi cha mwembe ule wa zamani, kisha huelezwa namna Stanley alivyomwamkia mzee yule mwaka 1871. Akiisha kuridhika hurudi Kigoma na kushika njia yake. Hapana aliyemwambia uongo. Lakini mji ambao Burton na Speke waliukuta umekwisha kuwa soko mwezi wa Februari 1858, umefanywa kuwa kivuli cha maneno machache waliyoambiana wageni wawili. Mimi naona hiyo ni dhuluma, na dhuluma hiyo sisi wenyewe tumeisaidia kwa kunyamaza kwetu.

Na tuutazame mwaka huo huo wa 1871. Tarehe 15 Julai, miezi michache kabla ya salamu ile, Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Ilikuwa siku ya soko, na watu, wengi wao wanawake, walikuwa wamejaa na bidhaa zao. Watu wa misafara wenye bunduki wakawafyatulia risasi. Mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbia. Livingstone hakuweza tena kufuatana na watu wale, akageuka kurudi Ujiji. Habari aliyoiandika iliwachoma Waingereza mioyo, ikawa mojawapo ya mambo yaliyosukuma kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Basi, waliokufa Nyangwe walikuwa na ndugu. Watu wengi wa nchi ile waliletwa Ujiji, au walikuja wenyewe, na wajukuu wao wako Ujiji mpaka leo. Kwa nini salamu ina mnara na makumbusho, na soko lile halina hata jioni moja ya kusimuliwa?

Jina la Manyema si la kabila moja. Ndani yake wamo Wakusu, Wabangubangu, Wazimba, Wasongola na wengineo. Wengine walivuka ziwa shingoni mwao mna minyororo. Wengine walivuka na pembe mabegani, kwa ujira. Wengine walivuka na bunduki, wakiwa wafuasi wa matajiri. Walipofika ng'ambo hii walijiita waungwana, wakajenga, wakaoana na Wajiji na Waha, wakaeneza Kiswahili. Kutoka Ujiji walikwenda Tabora, walikwenda Dar es Salaam ambako msikiti wa Kariakoo una jina lao, na walikwenda Bujumbura ambako mtaa wa Buyenzi unasema Kiswahili. Watu waliofanya hayo yote si watu wa kutajwa kwa kunong'ona.

Lakini hutajwa kwa kunong'ona. Bibi yangu alikuwa fundi wa ngano. Alipoanza, sisi watoto tuliacha hata chakula. Sungura, fisi na jini la ziwani wote walikuwa hai kinywani mwake. Siku moja tulimwuliza, "Bibi, mama yako alitoka wapi?" Akajibu, "Ng'ambo," akapunguza utambi wa taa, akatuambia tulale. Alikufa na neno hilo moja. Ngano za fisi nazikumbuka zote; ya mama yake sina hata jina.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema kuwa hizo ni habari za aibu, na kwamba kusimulia utumwa ni kufukua makaburi. Mimi namwuliza: aibu ni ya nani? Aliyefungwa hakutenda kosa. Kweli, katika Ujiji mjukuu wa aliyefungwa na mjukuu wa aliyefunga hukaa nyumba moja, na aghalabu ni mtu mmoja. Jambo hilo ni zito, sikatai. Lakini uzito wake haupunguzwi kwa kuachiwa kila mmoja aubebe peke yake gizani. Tanganyika iliufuta utumwa kwa sheria mwaka 1922. Haya iliyobaki nyuma yake haifutwi na sheria yoyote, bali hufutwa na kinywa cha mwenyewe mbele ya jirani zake.

Wa pili atasema kuwa kutaja asili ni kuleta ukabila, tena ni hatari, maana kijana wa mwambao huu aendapo kutaka hati huweza kuulizwa, kwa sauti ya shaka, babu yake alizaliwa wapi. Neno hili ndilo lililowafunga wazee wengi midomo, na mimi silidharau. Hata hivyo dawa ya shaka hiyo si kimya. Mpaka upitao katikati ya ziwa uliwekwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wa Wamanyema walikuwa wamekwisha jenga Ujiji. Mtu hawezi kushitakiwa kwa kuvuka mstari ambao haujachorwa. Asemaye hayo wazi huonekana mwenyeji. Afichaye huonekana mwenye la kuficha. Na umoja wa taifa letu haukujengwa kwa watu kusahau walikotoka, ulijengwa kwa kukubaliana waendako.

Wa tatu ni msomi mwenzangu. Yeye atasema, "Yaandikwe, yawekwe katika maktaba, yatosha." Hayatoshi. Kitabu mashuhuri cha zama hizo kwa lugha yetu ni maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Ni kitabu kizuri, lakini ni kitabu cha tajiri, mpagazi hakuandika. Na tajiri huyo alijua thamani ya kusimulia kuliko sisi. Alipofika Utetera alidai kwamba bibi yake alikuwa binti wa ukoo wa kitawala wa huko aliyechukuliwa mateka, na kwa hadithi hiyo alikabidhiwa utawala. Wengi wameliona dai hilo kuwa hila tupu. Ajabu iliyoje! Aliyekuwa na hadithi ya hila aliisema hadharani akapata nchi. Walio na hadithi ya kweli wameificha wakakosa hata jina.

Tena masimulizi yana jambo ambalo kitabu hakina. Msimulizi akikosea, yuko mzee nyuma atakayesema, "Sivyo, mama yangu aliniambia hivi." Akitia chumvi, watu hucheka. Akifika mahali pagumu, wanaomsikiliza humngoja. Ukweli wa watu wengi hupatikana kwa njia hiyo, kwa kusahihishana uso kwa uso. Kuandika na kufuate, kuandika kusitangulie.

Wenzetu wa mbali wametupita katika hili. Tarehe 4 Julai 1825 watu 52 walipanda chombo kidogo kilichoitwa Restauration katika bandari ya Stavanger, nchini Norwei. Walifika New York tarehe 9 Oktoba wakiwa 53, kwa kuwa mtoto mmoja alizaliwa safarini. Mwaka 2025 chombo cha mfano wake kiling'oa nanga tena Stavanger, na wajukuu wa wahamiaji wale walisherehekea miaka 200 ya safari hiyo. Atakayesema kwamba wale walihama kwa hiari na wengi wetu tulihamishwa kwa nguvu, amesema kweli. Nami namjibu: aliyehama kwa hiari alikuwa na majina ya wenzake katika karatasi, aliyehamishwa kwa nguvu hana karatasi, ana kinywa tu. Je, ni nani kati yao apaswaye kusimulia zaidi?

Nataka jambo dogo linalowezekana. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, hupumzika, mitumbwi hulala pwani na mji hujaa watu. Usiku huo uwe wa masimulizi. Wazee wakae mbele, waume kwa wake, tena wake kwanza, kwa kuwa wengi waliovushwa walikuwa wanawake. Wakaribishwe Wajiji na Waha waliowapokea. Wakaribishwe pia Wakongo waliokimbilia upande huu wakati kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, kwa maana wao ndio waliovuka jana. Wanafunzi wa vyuo wakae chini, wasikilize kwanza, kalamu ziwe mfukoni.

Mnara wa Livingstone sitaki ung'olewe. Alistahili kukumbukwa, hasa kwa kuwa aliyaandika ya Nyangwe. Nataka mgeni akiisha kuelezwa salamu ile, aambiwe, "Kaa, mwezi unatoka, sasa usikie ya wenyeji." Wazee wanaoweza kumwambia hayo wanapungua kila mwaka, na mimi sitaki mtoto mwingine wa Ujiji arithi neno moja tu, "Ng'ambo," na taa iliyopunguzwa.