Je, Ni Kosa Msafiri Kulala?

Katika nchi ya Marekani yako magari ya namna ya pekee ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Mwenyewe huliendesha mchana na kulala ndani yake usiku, kama kobe asafiriye na nyumba yake mgongoni. Hapa nitayaita magari-nyumba. Wako wastaafu wanaoyatumia kuitembea nchi yao. Wako vibarua wanaofuata mavuno na kazi za msimu kutoka jimbo hata jimbo. Tena wako maskini ambao gari ndilo makao ya pekee waliyobakiwa nayo baada ya kodi ya nyumba kuwashinda. Watu hawa, pamoja na tofauti zao zote, huulizana swali moja kila jua linapokuchwa: leo tutalala wapi pasipo kutozwa fedha, na pasipo kugongewa kioo na polisi usiku wa manane?

Swali hili halikupasa kuwa gumu. Limefanywa gumu na watu, na kusudi langu ni kukuonyesha, ewe msomaji, kwamba waliolifanya gumu hawana hoja inayosimama.

Tazama kwanza jinsi kosa lenyewe lilivyo. Katika miji mingi gari laweza kusimama kando ya njia usiku kucha, tupu, milango imefungwa, na askari asilijali. Lakini mwenye gari akiingia ndani, akavuta pazia na kujinyosha kitandani, kule kusimama ambako hapo kwanza hakukuwa na ubaya kwageuka kuwa kosa. Gari halikuongezeka urefu wala upana. Halikuziba njia zaidi ya lilivyoziba kwanza. Halikutoa moshi wala kelele. Kilichoongezeka ni mtu aliyefumba macho. Sijapata kusikia kosa jingine ambalo mkosaji hulitenda kwa kutotenda neno lolote.

Mji wa Los Angeles ulikuwa na sheria ya namna hii tangu mwaka 1983, iliyokataza mtu kulitumia gari lake kama makazi. Mwaka 2014 mahakama ya rufani iliitangua kwa sababu haikueleweka. Majaji waliona kwamba, kwa maneno yake yalivyo, sheria ile ingeweza kumnasa hata dereva anayekula chakula garini au kubeba vitu vyake. Mtu hakuweza kujua mpaka u wapi kati ya kupumzika na kukaa, na askari ndiye aliyeamua kwa kadiri alivyompenda au kumchukia aliyemkuta.

Usidhani kwamba hukumu ile ilimaliza jambo. Tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, jimbo la Oregon. Mji ule ulikuwa umekataza watu kupiga kambi katika ardhi ya umma, na kuegesha magari usiku katika bustani zake. Faini ilianzia dola 295. Majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba adhabu hiyo, hata kwa mtu asiye na mahali pengine pa kulala, si adhabu ya kikatili ya namna inayokatazwa na katiba. Siwashtaki majaji. Kazi yao ilikuwa kusema katiba yakataza nini, wala si kusema lipi ni jema. Lakini halmashauri za miji zilizoshangilia hukumu hiyo zilijisahau kidogo: kuambiwa kwamba katiba haikukatazi kumtoza faini mtu aliyelala si kuambiwa kwamba umefanya vyema.

Hoja inayosikika zaidi ni ya usafi. Wenyeji husema kwamba wageni hawa humwaga uchafu. Ni kweli wako wanaofanya hivyo, na ni watu wa kulaumiwa pasipo huruma. Gari-nyumba la kawaida lina tangi la maji safi, tangi la maji yaliyotumika kuogea na kuoshea vyombo, na tangi la uchafu wa choo. Matangi haya mawili ya mwisho yapasa kumwagwa mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mwenye kuyafungulia mtaroni usiku aogopa kulipa dola chache, na kesho yake mlango unafungwa mbele ya wenzake mia. Huyo akamatwe. Lakini kumwaga uchafu kulikuwa kosa kabla ya sheria za kukataza kulala, na bado ni kosa. Kwa nini basi tumshike asiyemwaga? Mwizi mmoja akipita mtaani usiku, hatuwatozi faini wote wapitao usiku. Mji unaoogopa uchafu ungejenga mahali pa kuumwaga, jambo lenye gharama ndogo kuliko kuwazungusha askari wakigonga vioo.

Wenye kambi za kulipiwa nao wana malalamiko yao: kwamba alalaye bure awanyang'anya riziki. Hili silikubali hata kidogo. Kambi ya kulipiwa yauza umeme, maji, bafu na mahali pa watoto kucheza, na mwenye haja navyo hulipa kwa furaha. Msafiri afikaye saa 4 za usiku na kuondoka saa 11 za alfajiri hana haja navyo. Kumlazimisha avinunue ni sawasawa na mwenye hoteli kudai kwamba abiria wote wa basi wanunue pilau kwa kuwa basi limesimama mlangoni pake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Wanasayansi wamepima na kuona kwamba mtu aliyekesha kwa muda wa saa 24 huendesha vibaya kama mtu mwenye ulevi wa asilimia 0.10 katika damu, hali sheria za majimbo ya Marekani humhesabu dereva kuwa mlevi akifikia 0.08, na jimbo la Utah 0.05. Mlevi tunamwambia: simama, usiendeshe. Mwenye usingizi naye tunamwambia nini? Katika miji hii huambiwa: washa gari, uondoke. Askari aliyekabidhiwa usalama wa barabara ndiye anayemrudisha barabarani mtu asiyefaa kuwako.

Madereva wa malori walilijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2009 dereva mmoja wa lori alifika katika jimbo la South Carolina mapema kuliko saa ya kupakua mzigo wake. Hakuwa na mahali salama pa kungojea, akaegesha katika kituo cha petroli kilichoachwa, na huko akauawa na mnyang'anyi. Mjane wake hakunyamaza. Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopewa jina la marehemu, ya kusaidia kujengwa kwa maegesho salama ya malori. Mtu alipaswa kufa ndipo wakubwa wakubali kwamba mahali pa kulala ni sehemu ya barabara kama lami ilivyo sehemu ya barabara.

Tena neno hili "bure" lenyewe lina udanganyifu. Vituo vya kupumzikia vya barabara kuu zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1956 havikushuka kutoka mbinguni. Kila galoni ya petroli inunuliwayo Marekani hutozwa senti 18.4 za kodi ya serikali kuu, kiasi ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1993, na magari-nyumba ni walafi wa petroli. Msafiri alalaye kituoni amekwisha kulipa tangu asubuhi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mkarimu katika habari hii ametokea pale usipomtazamia. Maduka mengi ya kampuni ya Walmart huwaacha wasafiri walale katika viwanja vyao, ilimradi meneja akubali na sheria ya mji isikataze. Sisemi kwamba wafanya hivyo kwa utakatifu. Alalaye mlangoni pa duka hununua mkate asubuhi. Lakini duka limeona mteja pale halmashauri ilipoona mkosaji. Walakini hisani ya mfanyabiashara si haki. Meneja mpya aweza kuifuta kwa neno moja, na maduka mengi yamekwisha kuifuta, mengine kwa amri ya mji na mengine kwa kuchoshwa na wageni waliotandaza viti, wakawasha majiko ya mkaa na kukaa wiki nzima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata wahenga wetu hawakusema apewe jembe usiku wa kwanza.

Wako watakaonijibu: basi waende nyikani. Ni kweli kwamba idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma yatunza ekari zipatazo milioni 245, eneo linalopita ukubwa wa Tanzania nzima, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu huruhusiwa kupiga kambi bila malipo kwa siku 14 katika kila siku 28. Huo ni utaratibu mwema, wenye kiasi na wenye mpaka. Ila karibu ardhi yote hiyo i magharibi na Alaska. Mfanyakazi aliyechoka katika jimbo la New Jersey hawezi kwenda kulala katika jangwa la Nevada.

Wewe uliye Kenya usilione jambo hili kuwa la mbali. Sheria ya uzururaji iliyowekwa katika nchi hii na wakoloni, iliyompa askari nguvu ya kumkamata mtu kwa sababu tu hana makao wala kazi ya kuonyesha, haikufutwa ila mwaka 1997. Na huko Marekani kwenyewe, wakati wa ubaguzi, msafiri mweusi alifukuzwa hotelini kwa rangi yake, na miji mingine haikutaka kumwona jua likichwa. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali watakapopokewa. Sheria ya mwaka 1964 ilikataza hoteli kubagua. Sisemi kwamba aliye na gari-nyumba leo ateswa kama walivyoteswa watu wale. Ingekuwa matusi kwao. Nasema kwamba mamlaka ya kumwambia mtu "usilale hapa" yamekwisha kutumiwa vibaya mara nyingi, na mwenye kuyadai leo yampasa atuonyeshe sababu.

Na sababu haipo. Barabara kuu ya 10 yatoka pwani ya California mpaka Florida. Katika vituo vya kupumzikia vya California msafiri aruhusiwa kukaa saa 8. Akifika Texas, saa 24, mradi asisimamishe hema. Akifika Florida, saa 3, muda wa kupata usingizi wa mang'amung'amu tu. Dereva wa lori, huko huko Florida, apewa saa 10. Barabara ni moja, mwili wa binadamu ni mmoja, na jimbo lile lile limekiri kwa kalamu yake kwamba mtu anayeendesha mchana kutwa ahitaji saa 10 za kupumzika. Waulize basi wenye kuandika vibao hivyo ni kitu gani katika gari dogo kimpunguziacho dereva wake saa 7 za uchovu.