Mjusi Naye Ana Chakula Chake

Watoto wetu wengi hapa Uingereza wanaleta ombi ambalo wazee wetu wangalilistaajabia: wanataka kununuliwa mjusi. Kwetu mjusi kafiri alikaa ukutani karibu na taa, akajinasia nondo na mbu, wala hakuna aliyemwuliza amekula nini. Hapa mjusi amefungiwa katika sanduku la kioo, na asichopewa hawezi kujitafutia.

Yafaa tufahamu kwamba mijusi hawali chakula kimoja. Ziko aina zaidi ya 7,000, na nyingi hula wadudu. Wahenga walinena kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo. Kumbe kenge huyo hufukua mayai ya mamba akayala. Kinyume chake, dhabu wa majangwa ya Oman hula majani, na humo hupata sehemu kubwa ya maji yake. Iguana wa kijani wa Amerika ya Kati na Kusini naye ni mla majani. Wafugaji waliomlisha chakula cha mbwa, wakidhani nyama itamnenepesha, walimharibu figo.

Anayefugwa sana hapa ni mjusi mwenye ndevu, ambaye asili yake ni Australia. Akiwa mchanga, chakula chake kikubwa ni wadudu, kama nyenje wadogo. Akishakomaa, sehemu kubwa iwe mboga za majani zilizokatwakatwa. Spinachi isiwe ya kila siku, kwani huzuia mwili kupata kalsiamu. Parachichi asipewe kamwe. Wadudu wa bustanini nao wasiokotwe: huenda wamenyunyiziwa dawa, na hata kimulimuli mmoja aweza kumwua.

Hata hivyo, chakula peke yake hakitoshi. Nyenje wa dukani wana kalsiamu haba, hivyo hupakwa unga wake kabla ya kulishwa. Tena mjusi huyu huhitaji taa maalumu ya miali ya urujuanimno, badala ya jua la kwao. Jua la dirishani halisaidii, kwa kuwa kioo huizuia miali hiyo. Akiikosa, mwili hautengenezi vitamini D, kalsiamu haitumiki, mifupa hulainika, na taya na miguu hupinda.

Wazazi wenzetu, jambo hili si la mtoto peke yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, yadai kila mnyama anayefugwa apewe chakula kinachomfaa. Na mwenye mnyama akiwa hajatimiza miaka 16, anayewajibika ni mlezi wake.

Basi kabla ya kwenda dukani, mpeni mtoto karatasi na kalamu. Aandike jina la aina ya mjusi anayemtaka, chakula chake cha juma zima, bei ya wadudu, ya unga na ya taa, na nani atakayemlisha siku za shule. Akishindwa kuijaza karatasi hiyo, mjusi na angoje.