Jina Halipigi Gitaa

Vijana wenzangu, leo sileti hadithi. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa gitaa.

Pale kijiweni kwetu tunaupenda sana muziki wa pop na rock wa miaka ya 1960. Lakini kila tukitaka kuunda kikundi, mazungumzo hufia palepale: "Bila Fender au Gibson, we unajisumbua tu!" Eti sauti ya zamani imejificha kwenye jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Nasema huo ni uongo, na gharama yake naijua.

Nilipomaliza kidato cha nne, mjomba alinipa gitaa la umeme lisilo na jina. Nikaona haya kulishika mbele za watu. Nikaliuza kwa bei ya kutupa, nikadunduliza miaka miwili, nikanunua lenye jina kubwa. Siku ya tatu jina likabanduka kama stika ya daladala. Chini yake ubao mtupu! Miaka miwili vidole vyangu havikugusa waya, na wenzangu watatu walichoka kunisubiri. Kikundi kilikufa kabla ya kupiga hata wimbo mmoja.

Sasa tuelezane ukweli. Gitaa la umeme husikika kupitia pikapu. Si yale magari ya mizigo, jamani. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinakaa chini ya nyuzi. Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, ina pikapu tatu za koili moja moja: sauti kali, safi, ila huvuma. Gibson walipoanza kutumia pikapu za koili mbili mwaka 1957, mvumo ule ulipungua na sauti ikawa nene.

Basi swali la kwanza dukani si "jina gani?" bali "wimbo gani?" Unataka solo safi kama ya The Shadows mwaka 1960? Tafuta koili moja, na usisahau mtambo wa mwangwi, maana bila mwangwi sauti ile haipo. Unataka mlio wa kengele wa The Byrds mwaka 1965? Siri ni nyuzi 12 badala ya sita. Roger McGuinn alinunua Rickenbacker ya nyuzi 12 baada ya kumwona George Harrison akiwa na yake kwenye filamu ya Beatles ya mwaka 1964. Na hata hivyo, mitambo ya studio ilimsaidia sana kuibana sauti ile.

Hebu tuwatazame wakubwa wenyewe. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilitoka mwaka 1969. Wengi wakiisikia huapa kwamba ni Les Paul ya Gibson. Kumbe Jimmy Page aliirekodi kwa sehemu kubwa kwa Telecaster! Sikio lilidanganywa na jina. Page huyohuyo alipanda jukwaani na Danelectro, gitaa la bei nafuu lililotengenezwa kwa hadibodi, kama ile ya dari za nyumba zetu.

Na Brian May je? Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule Uingereza, hakuwa na fedha za kununua Stratocaster. Yeye na baba yake wakaanza kuchonga gitaa nyumbani. Shingo ilitoka kwenye ubao wa meko la zamani, springi zikatoka kwenye injini ya pikipiki. Ndilo gitaa linalosikika kwenye "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, pamoja na sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Mtoto wa Unguja alisindikizwa dunia nzima na ubao wa meko, halafu sisi tunaona haya!

Mtanijibu kwamba gitaa bovu ni bovu tu. Kweli kabisa. Lililopinda shingo liache, hata kama lina jina la mfalme. Lichungulie kama seremala anavyochungulia ubao. Bonyeza kila freti usikie kama waya unagonga. Zungusha vifundo usikie kama vinakwaruza. Fedha itakayobaki nunua nyuzi mpya na amplifaya ya maana, kwani sauti ya Beatles jukwaani ilikuwa pia ni sauti ya amplifaya za Vox.

Nanyi mnaosubiri kompyuta ndipo muanze riwaya, ugomvi huu unawahusu. Mimi yangu naiandika kwenye daftari la shule.

Gitaa la mjomba nililisikia juzi, harusini, mtaa wa pili. Yule niliyemwuzia alikuwa akilipigia nyimbo za zamani, kwa sauti ileile niliyoitafuta miaka miwili. Watu walicheza mpaka viatu vikawekwa pembeni. Sikumsikia hata mmoja akiuliza lina jina gani.